Kisu cha Mashine ya Majani

Wako wenzetu wasemao kwamba kisu cha mashine ya kukatia majani kikiisha kunolewa kazi imekwisha. Mimi sikubali. Kisu kile huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Upande mmoja ukizidi uzito kidogo tu, mashine nzima hutetemeka, bolti hulegea na beringi huliwa upesi. Mashine ikifa, twajua sote nani watakaoshikishwa mafyekeo saa ya michezo: wadogo wetu wa mwaka wa kwanza.

Kupima hakutaki fundi wa mjini. Chomoa kwanza waya wa plagi (injini haina adabu), kifungue kisu, kisha kitundike kwa tundu lake la katikati juu ya msumari uliopigwa ukutani. Upande unaoshuka ndio mzito; upige tupa kidogo, upime tena, hata kisu kitulie sawasawa kama mizani.

Naam, tupa. Jiwe la umeme lina haraka mno. Chuma kikigeuka rangi ya samawati kimekwisha kuungua, na makali yake hayadumu. Wala msinoe kama wembe. Fuateni mshazari wa kiwandani, nyuzi 30 hivi, maana makali membamba huharibika kisu kikigonga kijiwe. Lakini kisu butu nacho hakikati, huchana: tazameni uwanja wa mpira siku chache baadaye, ncha za majani zote kahawia.

Nanyi mliokwisha kumaliza shule, kabla ya kutuchangia mashine mpya, tuleteeni tupa mbili nzuri.