Njiwa wa mbio: usianze na mkubwa

Vijana wenzangu, mwaka 2020 njiwa jike wa Ubelgiji, New Kim, aliuzwa euro milioni 1.6. Bei kama hiyo inampandisha mtu mori, anakimbilia kununua njiwa mkubwa anayeruka tayari. Mimi nasema usinunue. Siku ukimfungulia anarudi alikolelewa, na hela yako imekwenda naye.

Chukua makinda ya wiki nne au tano, yanayokula yenyewe. Yaache kwanza bandani, yaone nje kupitia wavu. Kila ukilisha, piga filimbi ileile. Yafungulie kabla hayajala, maana njaa ndiyo itakayoyarudisha. Yakishazoea kuzunguka juu ya banda, yapeleke kilomita 2, kisha 5, kisha 10. Usiruke hatua: njiwa aliyepotea hakurudishii hela ya mtama.