Mwamba Usio na Kikande

Mwandishi aliyedai kwamba uvuvi hupunguza samaki tu na kuuacha mwamba kama ulivyo amekosea, na kosa lake ni zito. Samaki aitwaye kikande hula urchini, wale wanyama wa duara wenye miiba. Akivuliwa kupita kiasi, urchini huzidi. Huparuza mwani pamoja na mwamba wenyewe, humega matumbawe, na chakula cha samaki kama pono na kangaja huisha. Linganisha Malindi na Watamu, hifadhi tangu 1968, na miamba ya Diani inayovuliwa: watafiti walikuta urchini wengi mno Diani. Kufunga eneo mwaka mmoja, kama mwandishi huyo anavyopendekeza, hakutoshi, maana kikande hurudi polepole sana. Kwa hiyo, ndugu zangu wavuvi wa madema, kikande mdogo mrudisheni majini akiwa hai.