Damu ya Mtoto Anayekoroma

Mtoto wa miaka minne amelala kinywa wazi, shingo ameipindisha nyuma. Anakoroma, kisha kimya: kifua kinabonyea, tumbo linapanda, hewa haipiti, mpaka anashtuka na kuivuta kwa kishindo. Mara nyingi kinachoziba ni tonsili na nyama za pua zilizokua kupita nafasi iliyopo kooni. Kwa makadirio ya madaktari wa watoto wa Marekani, tatizo hili huwapata watoto kama asilimia 1 hadi 6. Kipimo kinachoaminika ni kumlaza mtoto usiku kucha kwenye maabara ya usingizi akiwa na nyaya kichwani na kifuani, na maabara hizo ni haba hata kwa matajiri. Ndipo watafiti wengi wakaigeukia damu, wakitumaini kwamba tone moja litajibu swali la usiku mzima.

Hoja yangu ni kwamba damu imekuwa ikiulizwa swali lisilo lake. Oksijeni inaposhuka na kupanda usiku kucha, mwilini huzuka uvimbe wa ndani, na ini hutoa kwa wingi protini iitwayo CRP. Mwaka 2004 kundi la mtafiti David Gozal huko Louisville, Marekani, liliripoti kwamba protini hiyo ilipanda kadiri tatizo lilivyozidi. Mwaka uliofuata, watafiti wa Ugiriki waliwapima watoto wa huko wasione tofauti hiyo. Wapo waliohitimisha kwamba kipimo hakifai, lakini mimi naona walikimbilia hukumu. Mwaka 2007 kundi lile la Gozal lilionyesha jambo zito zaidi: miongoni mwa watoto wenye tatizo hili, CRP ilikuwa juu zaidi kwa wale ambao akili yao ilikuwa imeathirika. Yaani damu haipimi koo limeziba kiasi gani. Inadokeza ni mwili wa nani unaumia. Na hilo ndilo daktari analotaka kujua, kwa sababu katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2013, lenye watoto 464, vipimo vya usingizi vilirudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri tu. Karibu nusu walipona bila kisu. Tumchague nani wa kupasuliwa?

Nitaambiwa kwamba huku kwetu maabara ya usingizi ni ndoto, ilhali CRP hupimwa katika hospitali nyingi, basi tuitumie hiyo hiyo. Siafiki. Malaria huipandisha, koo lenye usaha huipandisha, unene nao pia. Mtoto aliyetoka kuugua homa juzi ataonekana mgonjwa wa usingizi. Kifaa kidogo cha kupima oksijeni kidoleni, kikivaliwa usiku kucha, kinasema mengi zaidi: kikionyesha mishuko ya wazi kwa mtoto anayekoroma, karibu kila mara tatizo lipo, ingawa kisipoionyesha hakimwondolei mtoto shaka. Ugumu wa kuisoma CRP ni mkubwa zaidi kwa watoto wenye selimundu, ambao Tanzania huzaliwa wapatao 11,000 kila mwaka. Kwao oksijeni huwa chini na uvimbe wa ndani huwapo hata mchana, hivyo viwango vilivyowekwa Louisville au Ugiriki haviwezi kuwahukumu. Lazima vitafutwe upya, kwa damu yao wenyewe, ikichukuliwa asubuhi baada ya usiku ambao oksijeni yao ilipimwa.