Askari wa Mpakani na Wimbo wa Umma

Jua linapotua mjini Busia, malori ya mizigo huwa bado yamepanga foleni kando ya barabara, nao wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka huanza kuwasha taa zao. Hapo ndipo muziki unapoanza. Kutoka kilabu hiki utasikia nyimbo za Kampala, kutoka kile nyimbo za Kongo. Lakini haupiti muda mrefu kabla ya kusikia gitaa jembamba lenye kwenda mbio, besi likilifuata nyuma, na sauti ya mtu mzima akisimulia jambo kwa Kijaluo. Hiyo ni benga, na sauti hiyo mara nyingi ni ya Daniel Owino Misiani, kiongozi wa bendi ya Shirati Jazz, aliyefariki dunia kwa ajali ya barabarani huko Kisumu mwezi Mei 2006.

Mtu aliyekufa zamani kiasi hicho angetazamiwa kusahauliwa, lakini Misiani hakusahauliwa. Na kwa kuwa alikuwa mwimbaji aliyezisema serikali bila kuzionea haya, na sisi askari na polisi ni mkono wa serikali, yafaa tujiulize swali ambalo hatulisikii mara nyingi gwaridani: wananchi wanapompenda mwimbaji wa namna hii, je, wanatuchukia sisi? Jibu letu ni hapana. Tena tunaamini kwamba askari anayekosea jibu la swali hili huupoteza ulinzi wa mpaka pasipo hata risasi moja kufyatuliwa.

Kwanza tumtazame mtu mwenyewe. Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, kaskazini mwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Kenya. Alikuwa mwana wa mpakani tangu kuzaliwa. Akiwa kijana alivuka kwenda Kenya kutafuta riziki ya gitaa, na katika miaka ya 1960 akawa miongoni mwa waliouinua muziki wa benga, ambao gitaa lake linafuata mwendo wa nyatiti, kinanda cha jadi cha Wajaluo. Mwaka 1989 santuri ya bendi yake ilitolewa Uingereza kwa jina la Benga Blast!, na watu wasiojua neno lolote la lugha yake wakaicheza.

Lakini hakupendwa kwa gitaa peke yake. Misiani alikuwa mtunzi aliyesimulia mambo ya dunia kwa mafumbo: visa vya Biblia, historia ya wakubwa, na wanyama wa porini wenye tabia za binadamu. Aliyesikia alijua ni nani anayesemwa, ingawa jina halikutajwa. Polisi wa Kenya walimkamata zaidi ya mara moja kwa sababu ya maneno ya nyimbo zake, lakini aliendelea kutunga.

Msomaji ataweza kuuliza: haya yanahusu nini Tororo? Yanaihusu sana. Wapadhola, au Jopadhola kama wanavyojiita, ni Waluo walioweka makao yao Tororo, na lugha yao ni ndugu ya Kijaluo cha Kisumu. Mzee wa Tororo akimsikia Misiani hahitaji mkalimani. Jirani zake Wateso na Wasamia wana lugha nyingine kabisa, lakini nao husimama kucheza, kisha humwomba Mpadhola awaeleze yaliyosemwa. Hivyo wimbo mmoja husafiri kutoka lugha hadi lugha, na kila unapofika hupata fafanuzi mpya ambayo mtunzi mwenyewe pengine hakuifikiria.

Tukumbuke pia kwamba mpaka huu ni mchanga kuliko ukoo. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na tangu hapo Msamia ana shangazi upande mmoja na mjomba upande wa pili, naye Mteso hali kadhalika. Mwezi Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi papa hapa Busia na mpaka ukafungwa. Mwezi Februari 2018 marais wa nchi hizo hizo walikuja Busia kuzindua kituo cha pamoja cha forodha, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Katika nyakati zote hizo mbili, ile ya bunduki na ile ya mihuri, waliokaa mpakani walikuwa watu wale wale, na kwa sehemu kubwa walisikiliza nyimbo zile zile.

Sasa tuelezee jambo tulilolishuhudia. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa abiria, tumevaa kiraia, katika gari dogo lililotoka Tororo kwenda Busia. Dereva alikuwa amefungulia wimbo wa Misiani kwa sauti ya wastani. Kwenye kizuizi kimoja, ambacho hatutakitaja, askari kijana aliinama dirishani, akasikiliza, akauliza kwa ukali kama huyu siye yule anayetukana serikali. Mzee mmoja akamjibu kwa upole kwamba wimbo ule ulihusu mtu aliyemkosea mkwewe. Askari hakujua Kijaluo, kwa hiyo hakuweza kujua kama alikuwa anaambiwa kweli au anachezewa. Akaichukua kadi ya nyimbo ya dereva, akaitia mfukoni, akatuamuru twende.

Gari lilikwenda kimya mwendo wa kilometa mbili hivi. Kisha yule mzee akaanza kuuimba wimbo ule polepole. Mama mmoja akamwitikia, halafu wengine, mpaka gari zima likawa linaimba, wakiwamo watu ambao tuliwajua hawasemi Kijaluo hata kidogo. Kabla ya kizuizi wimbo ule ulikuwa burudani ya dereva; baada ya kizuizi ukawa wimbo wa abiria wote. Sisi peke yetu tulinyamaza, kwa maana tulijua kilichotokea, na tuliona haya.

Tumelifikiria jambo lile mara nyingi tangu siku hiyo. Askari yule hakuwa mtu mbaya. Alidhani anaitetea serikali yake. Lakini tuhesabu alichokipata na alichokipoteza. Alipata kadi ya nyimbo isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Alimpoteza dereva ambaye hupita njia ile kila siku, ambaye huliona gari geni lililofichwa migombani, ambaye husikia nani ameingiza bidhaa za magendo na nani amelala nyumba ya wageni bila kutaja jina lake la kweli. Mtu wa namna hiyo ndiye jicho la mlinzi wa mpaka. Hakuna doria inayoweza kuichunga kila njia ya panya kati ya Tororo na Busia. Raia mwenye imani nasi aweza. Kesho dereva yule akiona jambo la hatari, atakuja kutuambia? Tunaogopa kwamba hatakuja.

Kwa nini hasa watu humpenda mwimbaji msema kweli? Si kwa sababu anawafundisha jambo wasilolijua. Bei ya sukari wanaijua, hongo wanaijua, ahadi za uchaguzi wanazikumbuka. Wanampenda kwa kuwa amelisema hadharani waliloliwaza kila mtu peke yake, na kwa kuwa alikubali kulipa gharama ya kulisema. Hapa ndipo penye fundisho: kila alipokamatwa, gharama hiyo ilionekana wazi zaidi, na mapenzi yakaongezeka. Pingu zilikuwa tangazo la bure.

Mambo haya hayakuanza wala hayakuishia mpakani kwetu. Huko Nigeria, Fela Kuti alitoa mwaka 1976 wimbo uitwao Zombie, uliowadhihaki askari wanaotii bila kufikiri. Mwezi Februari 1977 askari wapatao elfu moja waliivamia nyumba yake mjini Lagos, wakawapiga waliokuwamo na nyumba ikateketea kwa moto. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, mpigania haki aliyeheshimika nchini kote, alitupwa nje kupitia dirishani, na mwaka uliofuata akafa. Tume ya uchunguzi ikasema kwamba tendo lile lilifanywa na askari asiyejulikana. Ndugu askari, hebu tuyatafakari maneno hayo. Waliotoa amri hawakuonekana. Aliyebaki na lawama ni askari asiye na jina, maana yake ni kila mmoja wetu. Fela mwenyewe aliishi miaka 20 zaidi, na alipofariki mwaka 1997 umati mkubwa mno ulimzika.

Huko Chile, Victor Jara, mwimbaji wa nyimbo za jadi na za wafanyakazi, alikamatwa mwezi Septemba 1973 baada ya jeshi kupindua serikali, akateswa na kupigwa risasi. Uwanja alimofungwa sasa unaitwa kwa jina lake. Na waliomwua? Mwezi Agosti 2023, takriban miaka 50 baadaye, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilithibitisha vifungo vya maafisa saba wastaafu wa jeshi, wazee waliopita umri wa miaka 70. Walidhani wimbo utazikwa pamoja na mwimbaji. Wimbo ukawasubiri mpaka uzeeni.

Hatusemi kwamba Busia ni Lagos au Tororo ni Santiago, wala kwamba askari aliyechukua kadi ya nyimbo ni sawa na mwuaji. Tunasema kwamba njia ni moja, ingawa aliye mwanzoni hajafika mwisho wake. Mwenye kuiheshimu kazi yake hugeuka mapema.

Yuko atakayetupinga kwa hoja nzito: je, nyimbo haziwezi kuchochea damu? Zaweza, na eneo letu linalijua hilo kwa uchungu. Simon Bikindi alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Rwanda, na nyimbo zake zilipigwa redioni wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Alishtakiwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa, na mwezi Desemba 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Lakini tuangalie kilichomfunga. Majaji walizichunguza nyimbo zake kwa makini, na kosa walilomtia hatiani halikuwa nyimbo. Lilikuwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994, akiwataka watu wazi wazi wawaangamize Watutsi. Ikiwa mahakama iliyoshughulikia maafa makubwa kiasi hicho ilichukua miaka kutenganisha wimbo na uchochezi, seuze askari mmoja kizuizini, usiku, asiyejua lugha ya wimbo wenyewe?

Sheria zetu pia zimelipima jambo hili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 29, inalinda uhuru wa kusema na kutoa maoni. Ibara ya 208 inalitaka jeshi lisiwe na upande wa siasa, liwe na nidhamu na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 33, inataja waziwazi uhuru wa sanaa, kisha inaweka mpaka: hailindi uchochezi wa ghasia, propaganda ya vita wala lugha ya chuki. Mpaka huo ndio wa kulindwa. Aimbaye kwamba mkubwa fulani ni mla rushwa yuko upande wa huku. Awaambiaye watu waende wakamchome jirani yao yuko upande wa kule, na huyo akamatwe kwa hati, apelekwe mahakamani, bila kofi na bila buti. Hata mwimbaji anapogombea kiti, kama walivyofanya wengine katika nchi zetu, anayempima ni mpiga kura na sheria ya uchaguzi, si askari wa kizuizini.

Basi askari aliyeletwa mpakani afanye nini? Ajifunze walau salamu za lugha za mahali alipo: Kiteso, Kisamia, Kipadhola. Asikiapo wimbo unaopendwa, aulize unasema nini, tena aulize kama mgeni anayetaka kujua, si kama mpelelezi. Atakayoyasikia yatamfaa kuliko taarifa nyingi zenye mihuri, kwa maana wimbo unaopendwa huonyesha mahali penye kidonda. Mahali watu wanapoimba juu ya dhiki yao, bado wanazungumza. Wakiacha kuimba na kuanza kunong'ona, hapo ndipo kamanda anapopaswa kukosa usingizi.

Misiani amelala kaburini, na walioamuru akamatwe wengi wao wamestaafu au wamekufa. Gitaa lake bado lavuka Busia kila jioni bila pasi wala muhuri. Hatukupewa bunduki ili kulizuia. Tulipewa ili wanaolisikiliza, wa upande huu na wa ule, waweze kulisikiliza kwa amani na kurudi nyumbani salama.