Baiskeli ya Mama Iko Wapi?



Ukisimama asubuhi kando ya barabara kuu pale Soweto, Mbeya, utaona baiskeli za kila namna. Moja imebeba tenga la nyanya, nyingine gunia la mkaa, nyingine mama aliyekaa upande kwenye keria na mtoto mgongoni. Anayeendesha karibu kila mara ni baba au kijana. Akina mama wanaoendesha wenyewe ni wachache, na mama wa umri wetu, wa miaka hamsini na kitu, akipita juu ya baiskeli watu hugeuka kumtazama kana kwamba amepotewa na akili.

Mwezi huu tunataka kusema jambo ambalo baadhi yenu mtaliita anasa. Nyumba yenye uwezo wa kununua baiskeli ya pili, hata iliyokwisha kutumika, iinunue, na iwe ya mama. Kisha mara moja kwa mwezi baba na mama watoke pamoja, kila mmoja na yake, bila mzigo na bila haraka, waende mashambani na kurudi jioni.

Tunajua mtasema hayo ni mambo ya Wazungu. Ni kweli wenzetu wa Ulaya wameyazoea. Uholanzi baiskeli ni nyingi kuliko watu. Kando ya mto Danube, kutoka Passau huko Ujerumani hadi Vienna huko Austria, wazee waliostaafu, mume na mke, huendesha polepole siku nzima wakisimama vijijini kunywa kahawa. Waitaliano wao wameifikisha baiskeli hadi kanisani: karibu na ziwa Como kuna kikanisa cha Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Lakini hata kwetu baiskeli si ngeni. Makatekista wetu wa zamani walizungukia vigango vyao kwa baiskeli, mvua na jua. Kigeni ni kuipanda bila kutumwa na mtu, tena wawili.

Sisi wawili, yaani mwandishi wa ukurasa huu na mume wake, tulijaribu sikukuu ya Saba Saba, Julai 7, 2025. Tulikuwa na sababu. Mzee ana presha miaka mingi, na dawa anapewa kila mwezi. Hata hivyo mwezi Juni kipimo chake kilikuwa 168 kwa 102. Tulipunguza chumvi, tukaacha mafuta mengi, tukasali, haikushuka. Hatukujua kwa nini.

Hatukutaka kuendesha barabara kuu. Malori ya Tunduma hayamwoni mwenye baiskeli, na miteremko ya Iwambi na Mlima Nyoka imekwisha kutuletea majeruhi na maiti wa kutosha. Basi alfajiri, baridi ya Julai ikiuma masikio, tulipanda Kosta na kondakta akafunga baiskeli zetu juu. (Alituuliza tunakwenda kuziuza wapi.) Tulishuka Igurusi, kama kilomita 50 kutoka mjini. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, lakini bonde la Usangu liko mita 1,000 na kidogo tu, kwa hiyo kuna joto, na ardhi ni tambarare kama meza. Mwenye magoti ya miaka hamsini atatuelewa.

Tuliacha lami tukafuata njia ya matrekta kati ya majaruba. Mpunga ulikuwa umevunwa sehemu kubwa. Watu walikuwa wakipiga na kupepeta, yangeyange wakiokota wadudu kwenye mabua, na nyuma yetu, upande wa kusini, milima ilisimama kama ukuta. Njia ilikuwa pana ya kutosha kwenda sambamba. Tuliendesha kidogo, tukasimama chini ya mwembe, tukanywa chai ya chupa na viazi vitamu, tukaendelea. Siku nzima hatukuzidi kilomita 25. Watoto wa kijiji kimoja walitufuata mbio wakipiga kelele, "Bibi anaendesha!" Bibi alitabasamu na karibu aanguke mferejini.

Ilikuwa kama saa tano hivi. Tulikuwa tumenyamaza muda mrefu, kila mtu akitazama mbele, ndipo mzee akasema, "Mama, zile dawa niliziacha tangu Pasaka."

Alieleza polepole, huku akiendelea kukanyaga pedeli. Alikuwa ameona nguvu zake za unyumba zimepungua, na rafiki zake wakamwambia ni vidonge vya presha vinavyomaliza wanaume. Aliona aibu kumwambia daktari. Kumwambia mke wake, ambaye ni nesi, aliona aibu zaidi. Kila asubuhi alikuwa akichukua kidonge, anakwenda nacho uani, anakitupa.

Ndugu wasomaji, kila wiki tunakaa kwenye kliniki ya presha tukiwahimiza watu wameze dawa zao, na hapo nyumbani kwetu vidonge vilikuwa vikitupwa chooni. Tumeandika haya kwa ruhusa ya mzee mwenyewe. Alisema yakimsaidia baba mmoja tu wa parokia hii, basi aibu si kitu.

Kwa nini hakusema nyumbani? Tumelifikiria sana swali hilo. Nyumbani kuna wajukuu, kuna wageni, kuna simu inayolia, na kuna uso wa mtu unaokutazama ukisubiri jibu. Juu ya baiskeli macho yako njiani. Unaweza kusema neno gumu na mwenzako asikugeukie. Tena hana mahali pa kukimbilia, wala wewe huna, mpaka mfike.

Sasa tuseme wazi kuhusu jambo lenyewe, maana linaua watu kimyakimya. Presha isiyotibiwa huharibu mishipa ya damu mwili mzima, pamoja na ile inayohusika na unyumba. Mara nyingi, basi, ni ugonjwa unaopunguza nguvu, nayo dawa inasingiziwa. Hata hivyo tusidanganyane: baadhi ya dawa za presha zinaweza kweli kuleta tatizo hilo. Lakini si zote! Daktari akiambiwa, anaweza kubadilisha. Asipoambiwa, atadhani dawa imeshindwa na pengine ataiongeza, huku mgonjwa hamezi hata moja. Anayeacha mwenyewe anaukaribisha ugonjwa wa kiharusi, moyo na figo. Na vile vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa mitaani, vikikutana na baadhi ya dawa za moyo, huweza kuishusha presha ghafla hadi mtu akafa. Akina mama nao wasimcheke baba anayesema jambo hili. Akichekwa mara moja hatasema tena.

Tukirudi kwenye baiskeli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, kwa hiyo safari moja ya mwezi peke yake haitoshi; siku nyingine nenda nayo sokoni au kwenye jumuiya. Wastani maana yake nini? Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Mwenye kipimo cha 180 kwa 110 au zaidi asiondoke kwanza, atibiwe. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, shuka, keti.

Akina mama huambiwa kwamba kiti cha baiskeli huharibu kizazi. Si kweli. Mjamzito ajihadhari na kuanguka na aulize kliniki, basi. Kiti kikikutia ganzi kirekebishwe: ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka. Fundi yeyote atakifunga kwa dakika tano. Huko Usangu msioge wala kunawa miguu mferejini, kwa ajili ya kichocho, hata jua likiwa kali namna gani. Na muwe mmepanda gari kabla ya giza, maana mbu wa kule hawana huruma.

Mzee alirudi kliniki wiki ileile, akaeleza, akabadilishiwa dawa. Mwezi Septemba alikuwa 136 kwa 84. Hayo mengine aliyokuwa akiyaogopa yamekuwa mazuri, na hatutaandika zaidi ya hapo.

Tulipowasimulia akina mama wa WAWATA walicheka mpaka machozi, kisha wawili wakabaki nyuma kuuliza nani atawafundisha. Sasa Jumamosi jioni tunakutana kwenye uwanja wa shule, baba wanne wakishika keria kwa nyuma na mama wanne wakipiga kelele wasiachiwe. Mpaka leo ameumia mmoja tu, goti, na wiki iliyofuata alikuja na suruali chini ya kitenge.