Kithembe si Kichekesho



Juzi nilirekodi ujumbe wa sauti kwa wateja: "Sare za skuli zishashonwa, saizi zote zipo." Nilipousikiliza nilijionea haya. Kila "s" inapiga mluzi kama pasi ya mvuke! Binti yangu wa miaka minane alicheka, kisha akaniuliza polepole: "Mama, na mimi ndivyo wanavyonisikia chuoni?"

Moyo ulinishuka. Yeye ana kithembe, na wenzake humwiga anaposoma. Kumbe lile tumbo la kila siku baada ya Alasiri halikuwa tumbo.

Nianze na simu, maana hiyo ni rahisi. "S" hutoka pumzi inapopenya kwenye uwazi mdogo baina ya ulimi na meno. Ni sauti nyembamba ya juu, na simu ikiwa mbele ya mdomo kabisa huinasa kwa ukali. Isogeze kiasi cha shubiri moja, iweke upande kidogo, sema bila ya kukazana. Nimejaribu, mluzi umepungua.

Mtoto hasogezwi kama simu. Wanaosoma tajwidi wanajua kuwa sini, swadi na zai huitwa herufi za mluzi. Hizo zinataka ulimi ukae pahala pake hasa, na ulimi wa mtoto unajifunza bado. Wengine meno ya mbele yamengoka. Wengi hutengemaa wanapokua, na ambaye hakutengemaa apelekwe kwa mtaalamu wa matamshi. Lakini kicheko hakijapata kumnyoosha mtu ulimi. Humfunga mdomo tu.

Tusisahau kuwa Nabii Musa (A.S.) alimuomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na bado akatumwa kwa Firauni. Mtume wetu (S.A.W.) naye ametufunza kuwa anayesoma Qur-ani kwa tabu ana ujira mara mbili. Sasa sisi nani tumcheke?

Nilikwenda kwa ustadhati wake, nikamueleza kwa adabu. Siku hizi humsomesha peke yake dakika chache kabla ya wenzake, na wanaomwiga huonywa. Jana mwanangu alibeba msahafu wake bila ya kusukumwa.

Dada yangu, ukimsikia mtoto ana kithembe, msikilize mpaka amalize. Wewe mkubwa ukicheka, wadogo watakufuata.