Kabla Hujauza Kiwanja kwa Ajili ya Ng'ambo

Juma lililopita jirani yangu mmoja, mfanyakazi wa kiwandani, alinijia jioni na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na barua ya wakala, ikimwahidi bintiye nafasi ya masomo nchini Kanada. Alitaka shauri moja tu: akiuze sasa kiwanja chake cha Chanika, au angoje bei ipande? Nami nikamwuliza: je, una hakika kwamba mlango huo ungali wazi?

Ndugu msomaji, milango ya ng'ambo haikai mahali pamoja. Zama za wakoloni ufunguo walikuwa nao Waingereza. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Wachache mno walipata bahati hiyo. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alifungua mlango mwingine, na ndege ya kwanza ikawachukua vijana 81 kwenda Marekani. Mwaka uliofuata Moscow ikaanzisha chuo kikuu cha vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ambacho mwaka 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba. Wakubwa walikuwa wakishindana, nasi tukafaidi mashindano yao. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, mashindano hayo yalikwisha. Mwaka uliofuata hata jina la Lumumba likaondolewa, lisirudishwe ila mwaka 2023.

Baadaye wengi waligeukia India, kisha Uchina. Mwaka 2018 Uchina ilikuwa na wanafunzi wa kigeni 492,185, na kati yao 81,562 walitoka Afrika. Lakini Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, mipaka ilifungwa. Waliokuwa wamerudi makwao likizo walikaa huko zaidi ya miaka miwili wakifuata masomo kwa kompyuta, hata wale wa udaktari, waliopaswa kuwa wodini. Na Februari 2022 vita vilipozuka Ukraine, vijana wa Kiafrika waliokuwa wakisomea huko walikimbilia mipakani na mabegi yao, vyeti bado hawajavipata.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya milango ya zamani kubanwa. Tangu Januari ya mwaka huo, Uingereza iliwazuia wanafunzi wengi wa kigeni kwenda na wake, waume au watoto wao. Mwezi huo huo Kanada ilitangaza kikomo cha vibali vya wanafunzi. Fedha za kujikimu ambazo mwanafunzi hupaswa kuonyesha zilipanda kutoka dola 10,000 za huko hadi 20,635, bila kuhesabu ada wala nauli. Vijana wetu hawakuwa wamekosa lolote. Wenyeji walikuwa wakilalamikia uhaba wa nyumba na wingi wa wahamiaji, na serikali zao ziliwasikiliza wapiga kura wao.

Kwa hiyo mzazi mwenye busara hana budi kuuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi. Kwanza, cheti cha chuo hicho kitatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu hapa nyumbani? Kwa anayesomea udaktari, aulize pia masharti ya usajili wa madaktari, maana cheti peke yake hakimpi mtu ruhusa ya kutibu. Pili, zipo fedha za miaka yote, au za mwaka wa kwanza tu? Tatu, sheria za viza zinasemaje leo? Jibu hilo litafutwe ubalozini na chuoni kwenyewe. Wakala huishi kwa malipo anayopata kwa kila kijana anayeondoka.

Tena tusisahau kuangalia karibu. Mwaka 2023 chuo maarufu cha teknolojia cha India, IIT Madras, kilifungua tawi Zanzibar, la kwanza la vyuo vya IIT nje ya India. Atokaye Dar es Salaam hukifikia kwa boti.

Simkatazi mtoto yeyote kusafiri, maana elimu ni bahari. Lakini wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Jirani yangu ameirudisha hati ya kiwanja sandukuni, na Jumatatu bintiye ataanza kuuliza maswali hayo matatu yeye mwenyewe.